Sura ya Nne: Kifimbo Msumarini

"Kifimbo kilikuwa msumarini."

Mzee Zedekiah Wandera alisema hivyo kwa mara ya tano, na kwa mara ya tano Inspekta Kavindu Kyalo akayaandika maneno yale yale, maana mzee hakumpa mengine. Ilikuwa Jumapili saa sita mchana. Kanisa la ng'ambo ya barabara lilikuwa limefungulia spika zake zote, na chumba cha mahojiano kikawa kinatetemeka kwa ngoma za kusifu.

"Mzee, nisikilize basi," Kavindu alisema akisogeza kiti karibu ili asikike. Masikio ya mzee yalikuwa mazito. Miaka thelathini na minne ya honi za treni si mchezo. "Jana saa nne asubuhi rafiki yako Muoki alikufa kwenye mtambo wenu kule juu ya paa. Swichi uliivuta wewe."

"Niliivuta mimi. Sijakataa."

"Na kifimbo alikuwa nacho yeye, mkono wa kushoto. Konstebo Frankline hapa ndiye aliyekitoa."

"Ilibidi nimkunjue vidole, kimoja kimoja," alisema Frankline, kisha akatazama pembeni. Alikuwa na miezi minane tu kazini.

"Sasa kitakuwaje msumarini na huku kiko mkononi mwa maiti?"

Mzee akafumba macho. "Binti yangu, usiku kucha nimejiuliza hilo hilo. Lakini nilikiona. Kilikuwa msumarini."

Jamani, kuna watu hawajui kujiokoa! Angesema hakumbuki, angesema macho yake mabovu, angesema hata shetani kampitia, mtu angemwonea huruma. Yeye akang'ang'ania neno moja ambalo kielelezo chenyewe kililikana. Mkuu wa kituo alikuwa ameshakata shauri: Jumatatu saa tatu mzee anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Kavindu alikuwa na mchana huo mmoja.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya kustaafu, Zedekiah aliongoza treni kwenye stesheni ndogo kule magharibi, mahali palipokuwa na njia moja ya reli tu, ya kwenda na ya kurudi. Treni mbili zikikutana humo, ni maafa. Kwa hiyo kulikuwa na kifimbo kimoja, na dereva asiye nacho mkononi haondoki, hata abiria wamtukane mama yake. Njia ile ilipofungwa, mzee akapewa kifimbo kile kiwe kumbukumbu yake: mti mweusi wa urefu wa shubiri moja, wenye pete ya shaba shingoni.

Kitu kingine alichotoka nacho kule ni radi. Siku moja ya mvua radi ilipiga reli mbele ya macho yake, na kesho yake alipojaribu tupa ya kukereza chuma mahali pale, tupa ikateleza. Chuma kilikuwa kimekuwa kigumu ajabu. Basi mzee hakupoa tena. Alipohamia mtaa wa Huruma na mkewe Kezia, akamwomba mwenye jengo kibanda cha juu ya paa, kando ya tangi la maji, akaanza kuitafuta radi yake. Alikusanya transfoma za mashine mbovu za kuchomelea na kapasita za spika zilizokufa. Umeme ukikusanyika humo, aliuachilia wote kwa mpigo mmoja upite kwenye chuma kilicholowa. Mlipuko wake ulitikisa madirisha ya ghorofa mbili.

Muoki alikuwa mchongaji wa vinyago, na patasi zake zilikuwa zikiisha makali kila wiki. Akamletea moja wajaribu. Wakawa marafiki wa kufa kuzikana, miaka sita wakizilowesha patasi na kuzilipua, na kila jaribio likiandikwa kwenye daftari. Kavindu alikuwa amelisoma lote. *Patasi ya 31: imepasuka. Patasi ya 32: imepinda. Patasi ya 33: imeruka dirishani, Muoki amecheka hadi akalia.*

"Nieleze tena sheria yenu," Kavindu alisema.

"Karai la maji liko ndani ya kibanda. Swichi iko nje, nyuma ya ukuta wa tangi, kwa sababu vipande vya moto huruka. Wa swichi hamwoni wa karai. Na kule chini kuna kinu cha kusaga mahindi, na mimi sisikii, kwa hiyo hatuwezi kuitana. Tukatumia sheria ya reli. Anayeingia kwa karai anaingia na kifimbo. Akitoka, anakitundika kwenye msumari kando ya swichi. Kifimbo hakipo msumarini, swichi haiguswi. Basi."

"Na jana?"

"Jana Muoki aliingia kufunga patasi, mimi nikashuka kununua fyuzi. Niliporudi kifimbo kilikuwa msumarini, na Muoki hayupo. Sikushangaa. Alikuwa akiuogopa ule mlio. Akishatundika kifimbo hushuka ngazi, anaziba masikio." Akatazama viganja vyake. "Nikavuta."

Frankline akamtazama Kavindu. Kavindu akafunga daftari.

"Kuna shahidi aliyekusikia ukimwambia Muoki utamuua."

"Nilisema." Mzee hakupepesa hata jicho. "Mwezi uliopita kifimbo kilipotea. Muoki akasema tuendelee tu, tutagongeana mabati. Nikamwambia, bila kifimbo siku moja nitakuua. Nikafunga kibanda. Wiki nzima sikufanya kazi, wala chakula hakikupita. Halafu Muoki akakiona."

"Akakiona wapi?"

"Alisema nyuma ya mapipa. Tangu siku hiyo nikawa nakifungia kwenye sanduku la zana, nakitoa wakati wa kazi tu."

"Huyo Muoki, mlikuwa mmekosana kwa lolote lingine?"

"Nani akosane na Muoki?" mzee akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu jana akalia waziwazi, kama mtoto, bila kujifuta.

Jackton, mwangalizi wa jengo, ndiye aliyekuwa shahidi mwenyewe. Aliwafungulia mlango wa paa huku funguo zikimlia kiunoni, na kabla hajaulizwa alikuwa ameshaanza.

"Mimi niliskia na haya masikio yangu, afande. 'Nitakuua!' Hivyo tu. Mimi si mtu wa udaku."

"Ulisikia kilichosemwa kabla ya hapo?"

"Hapo kinu kilikuwa kinasaga."

"Kwa hiyo ulisikia neno moja la mwisho, ukaliandikisha taarifa ya kurasa mbili."

Jackton akakuna kichwa. Kavindu akamwacha, akaingia kibandani. Karai lilikuwa pale pale, maji yamebaki nusu, na patasi ya arobaini na moja imelala ndani, waya umeungua juu yake. Akatoka, akazunguka ukuta wa tangi hadi kwenye swichi. Kutoka pale hata mlango wa kibanda haukuonekana. Mzee hakudanganya katika hilo.

Msumari ulikuwa mkubwa, umegongwa usawa wa kifua. Kavindu akavaa glavu, akatoa kifimbo kwenye mfuko wa vielelezo, akakitundika kwa kitanzi chake cha ngozi. Kikakaa vizuri. Akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama, akarudi kukitoa.

Glavu yake ilikuwa imepata weusi kwenye vidole vitatu.

"Frankline, nusa hapa."

Konstebo akanusa. "Madam, hii si ni rangi ya viatu?"

Kavindu alikuwa amezaliwa na kulelewa Wamunyu, kwa baba mchongaji, na utotoni kazi yake ilikuwa kupiga twiga wa mti msasa hadi viganja viwake moto. Mpingo ulipokosekana, baba alichukua mti wowote, akaupaka rangi ya viatu kwa mswaki uliochakaa, akausugua hadi mgeni aape kwamba ni mpingo. Kifimbo kilichoshikwa na mikono ya madereva kwa miaka hamsini kingekuwa cheusi kwa jasho. Hakingeacha rangi kwenye glavu.

Akakigeuza kitako juu. Wanaushirika wa uchongaji wana kawaida moja: kila kazi ikimalizika hugeuzwa, na mwenyewe hutia namba yake ya uanachama chini, ili ikiuzwa ijulikane ni ya nani. Baba yake hakuwahi kuisahau. Aliitia hata kwenye mwiko wa mama wa kusongea ugali.

Chini ya kile kifimbo, ndogo kama punje za wimbi, zilikuwepo tarakimu tatu: 417.

"Labda ni namba ya reli," alisema Frankline.

"Labda. Tutajua." Kavindu akageuka kwa Jackton. "Kabla ya mlipuko nani mwingine alikuwa huku juu?"

"Hakuna mtu. Ni Mama Kezia tu, na nguo zake. Alianika, akazunguka hapo kwa tangi kidogo, akashuka. Kisha baada ya mlipuko, watu wakiwa wamejaa, nikamwona tena hapo hapo na beseni."

"Hapo hapo wapi?"

Jackton akaonyesha kidole. Kilielekea kwenye msumari.

Frankline akashika pumzi. "Basi, madam, huyo mama ndiye..."

"Usikimbie mbele yangu," Kavindu alisema. Alikuwa akitazama kamba ya nguo. Nguo za jana zilikuwa bado zinaning'inia, hakuna aliyekumbuka kuzianua. Mashuka mawili, suruali ya mzee, na koti zito la zamani la watu wa reli, lenye mfuko wa ndani uliotoboka. Bitana yake ilikuwa imefumuliwa upande mmoja, kuanzia pindo hadi kwapani.

Mama Kezia aliwapokea ghorofa ya tatu kwa adabu zote, macho yamevimba. Wanawake wawili wa kanisani waliokuwa wakimliwaza walipoona polisi wakakumbuka ghafla kwamba wana vyungu motoni. Chai ikamiminwa. Kavindu akaichukua kwa mikono miwili, kwa sababu chai ya mama wa umri ule haikataliwi, hata kama umekuja kumkamata.

Juu ya kabati la vyombo alisimama kifaru wa mti, mzuri ajabu, ngozi imekunjwa kunjwa kama iliyo hai.

"Huyu kifaru, mama?"

"Ni Muoki. Alituletea Krismasi." Akajifuta. "Wandera alimwambia pembe imepinda. Walikuwa hawaishi kuchokozana."

Kavindu akaomba ruhusa, akamgeuza kifaru miguu juu. 417.

Akaketi. Akatoa kifimbo, akakiweka mezani kati ya vikombe. "Mama, unakijua hiki?"

Kezia akakitazama, akakunja uso. "Ni cha Wandera. Lakini mmekitoaje..." Akainuka, akaenda chumbani. Walimsikia akivuta beseni chini ya kitanda. Aliporudi alikuwa na kifimbo kingine mkononi.

Frankline akasema kitu ambacho konstebo hapaswi kusema mbele ya mama wa watu.

Vilikuwa mapacha. Pete ya shaba, kitanzi cha ngozi, ufa mdogo wa upande, hata mahali panya alipowahi kutafuna. Ila kile cha Kezia kilikuwa chepesi kidogo, na Kavindu alipokisugua kwa glavu safi, glavu ilibaki safi. Chini hakikuwa na kitu.

"Hiki ulikipata wapi, mama? Polepole."

"Kwenye koti lake. Kilipotea mwezi uliopita, mwanangu, na nyumba ikawa haikaliki. Akasema nimekichoma jikoni. Mimi! Alinisema mbele ya dada zangu waliotoka Busia kunitembelea. Nikanyamaza. Wiki tatu sijamwongelesha ila salamu." Akakaa. "Jana asubuhi nilitaka kufua lile koti. Nikahisi kitu kigumu kwenye pindo. Mfuko umetoboka, kimeteleza ndani ya bitana. Nikafumua, nikakitoa."

"Hukujua kwamba mzee ameshapata kingine?"

"Kingine kipi? Hakuniambia kitu. Nilidhani bado kimepotea."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda nacho paani na nguo. Nikaangalia ule msumari wake, mtupu. Nikakitundika." Akatabasamu kwa uchungu. "Nikasema simwambii neno. Akione mwenyewe, ashikwe na haya, aje aniombe msamaha bila mimi kufungua mdomo. Sikujua kama kuna mtu kibandani. Mlango ulikuwa umeegeshwa, kinu kinasaga."

"Na baada ya mlipuko?"

"Watu walijaa. Watoto wa hapa huokota kila kitu. Nikakiondoa kisiibiwe. Ni kitu anachokipenda." Macho yake yakatoka kwenye kifimbo kimoja yakaenda kwenye kingine, yakarudi. Kavindu aliona yote yakimwingia, kidogo kidogo, na angetoa mshahara wa mwezi asiwe pale kuyaona.

"Muoki alikuwa na hiki?" Kezia aliuliza.

"Alikuwa nacho mkononi."

"Alimchongea."

"Ndiyo, mama. Alimwona mzee amenyong'onyea, hali chakula, hafanyi kazi. Akamchongea, akamwambia amekiona nyuma ya mapipa."

"Halafu mimi nikaweka cha pili." Kezia alijishika mashavu. "Mungu wangu. Mungu wangu! Si Wandera aliyemuua. Ni mimi."

"Si wewe. Hakuna aliyemuua Muoki, mama. Nitaandika hivyo, na leo hii nitampigia simu kiongozi wa mashtaka. Vifimbo viwili, ajali. Mzee atarudi nyumbani."

"Andika. Andika kwa mahakama." Akamshika Kavindu mkono kwa nguvu iliyomshangaza. "Lakini yeye usimwambie ni mkono wangu. Nakuomba, mwanangu. Tumekaa pamoja miaka arobaini na mitatu."

Kavindu hakuahidi. Alisema tu, "Mletee chakula, mama. Tangu jana hajala."

Saa kumi jioni vifimbo vyote viwili vilikuwa juu ya meza ya mahojiano. Kezia alibaki nje kwenye ukumbi na hotipoti yake mapajani. Mzee Zedekiah alivitazama kwa muda mrefu sana.

"Chako ni kipi?" Kavindu aliuliza.

Mkono wa mzee haukusita. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kile cha Muoki. "Hiki. Hiki hapa ndicho changu."

"Una hakika?"

"Niko nacho tangu ujana wangu, unaniuliza hakika?"

"Kigeuze, mzee. Chini."

Akakigeuza, akakielekeza dirishani, akafinya macho. Macho yakashindwa, akatumia kidole gumba. "Nne," alisema. "Moja..." Hakumaliza. Kidole kilibaki pale pale. Alikuwa ameshuhudia namba ile ikitiwa chini ya faru na twiga wasiohesabika, miaka sita mfululizo, wakiwa wamekaa paani wakingoja mtambo ujae.

"Mjinga huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Mkono wake haukujua kumaliza kazi bila kutia namba. Wiki tatu nilimshukuru kila asubuhi kwa kukiona. Kila asubuhi ananijibu, 'Wacha maneno mengi, mzee, tufanye kazi.' Kumbe!" Akakishika kifuani. "Kifimbo hakichongwi cha pili. Hata mtoto wa reli anajua. Ningekijua, ningekivunja gotini, nimkumbatie, nikivunje tena."

Ngoma za kanisani zilikuwa zimekoma. Frankline alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Na hiki kingine kilikuwa wapi?"

"Ndani ya bitana ya koti lako."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa mtu wa kuongoza treni; alijua kufuata kitu kutoka stesheni moja hadi nyingine. Kavindu alimwona akifika mahali pale na hakuwa na namna ya kumzuia.

"Koti hufuliwa na mtu mmoja tu," alisema.

Kavindu akatazama mlango.

"Nilimwambia amekichoma. Mbele ya dada zake. Muoki alipoleta hiki, nikaona haya kumwambia kimepatikana, maana ningelazimika kusema samahani. Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku nikasema kesho." Akainua uso uliolowa. "Ningemwambia, jana angenijia na kile cha koti kuniuliza cha pili kimetoka wapi. Angeniuliza tu. Muoki angekuwa hai, anakula chapati zake. Samahani moja, inspekta. Moja tu ilinishinda."

Kavindu alikwenda mlangoni, akamwita Kezia kwa mkono.

Mama aliingia akitazama sakafu. Akaweka hotipoti mezani, mbali na vile vifimbo, akaanza kufungua kifuniko, kikamshinda. Mzee alisimama. Hakumgusa. Alikuwa na neno moja alilokuwa ameliweka wiki tatu, na sasa alilisema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia, akimwita kwa jina la mtoto wao, hata askari wa kaunta wakageuka.

"Hukukichoma, Mama Nabwire."

Kezia akaachilia kifuniko. Kwa mara ya kwanza tangu dada zake warudi Busia, alimtazama mumewe usoni.

"Sikukichoma, Baba Nabwire," alisema. "Nilikitundika."